Waya, Katoni na Kompyuta

Yeyote apitaye katika barabara za Kamalondo saa za jioni, watoto watokapo shule, huona motokari zisizo na petroli. Zimetengenezwa kwa waya. Magurudumu yake ni vifuniko vya chupa, au vipande vya kandambili zilizochakaa, na usukani ni waya mrefu unaofika mpaka mkononi mwa mtoto, naye hukimbia nyuma yake akinguruma kwa kinywa chake. Wakubwa wengi hupita bila kuzitazama. Wengine hukasirika, kwa kuwa waya ule ulikuwa wa kuanikia nguo.

Twaomba leo msimame kidogo mzitazame. Tazameni hasa lori. Mtoto aliyelitengeneza hakuwa na mchoro wala rula. Aliliona lori likipita kwenda machimboni, akalishika kwa macho, akarudi nyumbani, akakunja waya mpaka uso wa lori ukaonekana. Magurudumu ya mbele yageuka kushoto na kulia kwa amri ya usukani. Mtoto huyo amekwisha kufanya kazi tatu za fundi: amepima, amepunguza, ameunganisha. Amekosa kitu kimoja tu. Hawezi kumweleza mwenzake aliye mbali namna ya kutengeneza lori lile lile. Ujuzi wake u mikononi mwake, na mikono haitumwi kwa barua.

Ndiyo sababu twataka kueleza habari za kuchora kwa kompyuta, kazi ile ambayo wahandisi huifanya kabla ya mashine kuundwa au nyumba kuwekwa jiwe la kwanza. Sisi si mhandisi. Kazi yetu ni kufundisha. Lakini tangu seminarini, pale padri mmoja mzee alipotutia katika kazi ya kuunda pango la Noeli kwa katoni na gundi ya unga, tumependa kutengeneza vielelezo, yaani mifano midogo ya vitu vikubwa, katika saa za mapumziko. Kwa miezi mingi sasa tumejifunza kuvichora kwanza kwa kompyuta, jioni baada ya jioni. Tuliyoyaona huko yafaa kuambiwa wazazi na wanafunzi, hata wale wasio na kompyuta nyumbani.

Mchoro unaosafiri

Wengi hudhani kwamba kuchora kwa kompyuta ni kupaka rangi juu ya kioo. Sivyo. Mchoraji wa picha hutaka ukuta uonekane. Mchoraji wa kompyuta hutaka ukuta ujulikane: urefu wake, unene wake, na pembe yake na ukuta wa pili. Kila mstari huwekwa akiba kama hesabu. Kwa hiyo mchoro uliofanywa Lubumbashi waweza kufunguliwa Mombasa au Bruxelles, na fundi wa huko akakata ubao kwa kipimo kile kile, bila kupungua hata unywele.

Kazi hii haikuanza jana. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, aliyekuwa akisoma katika chuo cha MIT huko Marekani, alieleza programu aliyoiita Sketchpad. Mtu alichora juu ya kioo cha mashine kwa kalamu ya nuru, kisha akaiambia mashine: mistari hii miwili ilingane, huu usimame wima; nayo mashine ikatii. Huko Ufaransa, tangu mwaka 1959, Paul de Casteljau katika kiwanda cha Citroën, na baada yake Pierre Bézier katika kiwanda cha Renault, walitafuta njia ya kuandika kwa hesabu mabati yaliyopindika ya motokari. Mstari ulionyoka ni rahisi kuutaja. Yatosha kusema waanzia wapi na waishia wapi. Lakini bati lililoviringika juu ya gurudumu, utalitajaje? Waliona kwamba yatosha kuweka nukta chache zinazouvuta mstari, kama vidole vinavyokunja waya.

Hebu fikirini jambo hilo. Mabwana wale wa viwanda vikubwa walihangaika na shida ile ile ya mtoto wetu na lori lake. Yeye huimaliza kwa vidole. Wao waliimaliza kwa hesabu, na kwa kuwa ni hesabu ikaenea duniani kote.

Hapo kwanza programu za namna hii zilikuwa mali ya makampuni makubwa tu. AutoCAD ilipotokea mwaka 1982, kazi hii ilianza kufika katika kompyuta ndogo za mezani, lakini programu za kuuzwa zina bei isiyolingana na mfuko wa mwalimu. Twajua pia kwamba nakala za wizi hupitishwa mkono kwa mkono. Hatuna haja ya kuwakumbusha wasomaji wetu Amri ya saba. Tena hakuna lazima ya kuivunja, kwa sababu ziko programu ambazo watungaji wake wamewapa watu wote bure. Sisi twatumia FreeCAD, iliyoanza kutolewa mwaka 2002, na ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024. Ruhusa yake yasema wazi kwamba mtu aweza kuitumia, kuinakili na kumpa jirani yake. Maagizo yake yaweza kuandikwa kwa Kifaransa, jambo linalowafaa wanafunzi wetu, na ikiisha kuingizwa katika kompyuta hufanya kazi bila intaneti.

Uwanja wa mpira juu ya meza

Ili kujifunza tulichagua kitu ambacho kila mtoto wa Kamalondo akijua: uwanja wa TP Mazembe. Timu hiyo ilianzishwa mwaka 1939 na wamisionari Wabenedikto, nayo imekuwa bingwa wa vilabu vya Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Uwanja wenyewe ulifunguliwa mwaka 2011, nao una nafasi za watu 18 500 hivi. Kielelezo chetu ni kwa kadiri ya 1 kwa 200, yaani mita 1 ya kweli ni milimita 5 mezani.

Tulianza na kiwanja cha kuchezea, kwa sababu sheria za mpira zimekwisha kukipima. Kati ya miti miwili ya goli ni mita 7,32. Kimo chake ni mita 2,44. Nukta ya penalti iko mita 11 kutoka mstari wa goli, na kutoka katikati ya duara kubwa mpaka ukingo wake ni mita 9,15. Hivyo goli letu lina milimita 36,6 kwa 12,2. Laweza kulala ndani ya kisanduku cha kibiriti. Lakini urefu na upana wa kiwanja haukufungwa hivyo. Sheria zaacha nafasi kati ya kipimo kidogo na kipimo kikubwa. Sisi tulichukua mita 105 kwa 68, kama itumikavyo katika mashindano makubwa. Mezani ni milimita 525 kwa 340, na karatasi nne za kawaida za kuandikia, zikiunganishwa mbili juu na mbili chini, zatosha kukibeba kiwanja chote. Kuta za nje tulizipima kwa hatua zetu wenyewe, asubuhi isiyo na mchezo, tukihesabu kwa sauti ndogo huku wapita njia wakitushangaa.

Kujua na kukisia

Hapa ndipo programu ilipotufundisha jambo ambalo hatukulitazamia. Ukichora mraba mrefu kwa mara ya kwanza, waonekana mzuri, lakini umelegea. Ukivuta pembe moja, wote wayumba kama meza yenye mguu mbovu. Basi yakupasa kuupa masharti: mstari huu ulale, ule usimame wima, huu uwe milimita 525, ule 340, na katikati ya mraba iwe hapa. Kwa kila sharti programu hukuambia umebakiwa na uhuru kiasi gani. Usipobaki hata mmoja, mistari yote hugeuka rangi ya kijani, na tangu hapo pembe haivutiki tena. Ukiongeza sharti linalopingana na lile la kwanza, programu hukataa, na kukuonyesha masharti yanayogombana.

Wasomaji wetu, hilo laonekana jambo dogo, lakini ndilo kiini cha kazi yote. Katika maneno yetu ya kila siku twasema: nyumba yake ni kubwa kidogo, shamba lafika karibu na mto, mzigo ni mzito hivi. Maneno hayo yatosha barazani. Programu haiyapokei. Yakulazimu kutenga vitu viwili ambavyo akili ya mwanadamu hupenda kuvichanganya: lile ulijualo na lile unalolikisia. Kukisia hakukatazwi. Sisi wenyewe tulikisia kimo cha vidato vya jukwaa la watazamaji, tukasema kila kidato kiwe sentimita 40 kwenda juu na sentimita 80 kwenda nyuma, yaani milimita 2 na 4 mezani. Lakini kisio hilo liliandikwa mahali pake, kama kisio, na siku tutakapopata kipimo cha kweli twajua ni namba gani ya kufuta.

Maana namba hizo huwekwa pamoja katika jedwali, na mchoro wote hulitii. Mchoro bapa wa kidato kimoja huinuliwa ukawa kitu chenye mwili, waweza kukizungusha na kukitazama kwa nyuma. Kidato cha pili hakichorwi. Waomba tu kile cha kwanza kirudiwe mara 10. Nasi tulikusudia kila kidato kiwe tabaka moja la katoni, kwa hiyo unene wa katoni ulikuwa ndio kimo cha kidato. Sokoni tulipata katoni za maboksi zenye unene wa milimita 3. Kabla ya kushika kisu tulibadili namba moja katika jedwali, 2 ikawa 3, na mara hiyo jukwaa lote likapanda kutoka milimita 20 hadi 30: katika uwanja wa kweli, kutoka mita 4 hadi mita 6. Tukaiacha katoni ile, tukabandika pamoja majalada ya daftari za zamani mpaka yakafika unene uliotakiwa. Hakuna kilichopotea ila dakika chache.

Tusifiche shida. Umeme hukatika, mara nyingine katikati ya mstari. Kompyuta yetu tuliinunua ikiwa imekwisha kutumika, na betri yake haifiki saa moja. Tumejizoeza kuhifadhi mchoro kila baada ya dakika chache, na kuendelea na hesabu kwa penseli na mshumaa. Katika giza hilo mtu hupata nafasi ya kufikiri. Ndani ya betri za kompyuta nyingi mna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika nchi yetu, hasa katika udongo wa Haut-Katanga na Lualaba. Mawe hutoka kwetu. Lakini lori linaloyabeba na mashine inayoyaponda vilichorwa mbali. Twadhani jambo hilo halikuandikwa milele. Ila halitabadilika mpaka watoto wetu wajue kuandika vipimo wanavyovijua mikononi.

Kijana na mishipa ya katoni

Jirani na nyumba yetu yuko kijana wa miaka kumi na mitano, bingwa wa motokari za waya. Katika hesabu alama zake zilikuwa za mwisho, na baba yake alikuwa amekusudia kumtoa shuleni auze sokoni. Kijana alikuwa akija jioni kutazama. Siku ya kwanza hakusema neno. Siku ya pili aliuliza kwa nini goli la mita 7 limekuwa dogo kuliko kidole. Tulimpa rula na ile kadiri ya 1 kwa 200, tukamwambia apime meza yetu na aseme ingekuwa na ukubwa gani kama ingewekwa pembeni ya kiwanja kile. Alipima mita 1 na sentimita 20, akanyamaza kidogo, akajibu: «Milimita 6, Mwalimu. Sawa na tundu la shati.» Mtu asiyejua kugawanya hawezi kutoa jibu hilo. Alijua, hakuwa amekutana na kugawanya ambako kwamhusu.

Ilipofika zamu ya kukata pembe za jukwaa, zile zinazozunguka, programu ilituonyesha umbo lililokunjwa vizuri sana. Kijana alishika kipande cha katoni, akakitazama kwa ubavu, akasema: «Mwalimu, hii ina mishipa. Ukiikunja kwa kufuata mishipa yaviringika. Ukiikunja kwa kuikata mishipa yavunjika.» Kompyuta yajua urefu na unene wa katoni, lakini haikuambiwa kitu juu ya mishipa. Tangu siku hiyo twachora mshale mdogo juu ya kila kipande kuonyesha mishipa ielekee wapi, na mshale huo ni kazi ya kijana, si yetu.

Baba yake alikuja Jumapili moja. Alisimama mbele ya meza kwa muda mrefu.

«Mwalimu, huu ni mchezo au ni masomo?»

«Baba, mtoto wako ndiye aliyepima pembe zote nne. Muulize.»

Alimwuliza. Kijana alimweleza kadiri, masharti na mishipa, mpaka baba akaketi. Hatuwezi kuwaambia kwamba mambo yote yamekwisha. Fedha ya shule ingali shida katika nyumba ile, na siku za Jumamosi kijana huuza sokoni. Lakini yungali darasani mwaka huu, na baba ameacha kutupa waya wake.

Neno kwa wazazi na kwa wanafunzi

Wazee wetu walisema, kazi mbi si mchezo mwema, na wazazi wengi hulitumia neno hilo wakimwona mtoto na waya wake. Twakubali kwamba vyombo lazima vioshwe na maji lazima yachotwe. Lakini tuchunguze vema kabla ya kuita kitu mchezo. Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha Kimbembele Ihunga, alikwenda Kinshasa mwaka 1970, akawa mwalimu, kisha akaacha kufundisha. Alitengeneza majumba na miji mizima kwa karatasi, katoni na gundi, bila kompyuta. Bila shaka walikuwapo walioona kwamba mtu mzima anacheza. Mwaka 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris, na mwaka 2018, miaka mitatu baada ya kufa kwake, jumba kubwa la sanaa la MoMA huko New York lilimwandalia maonyesho yake peke yake. Twamtaja kwa sababu mbili. Kwanza, katoni ya nchi yetu yaweza kubeba mawazo makubwa. Pili, kompyuta si mama wa ufundi. Mkono na jicho hutangulia. Kompyuta huja baadaye kuandika yale yaliyokwisha kujulikana, ili yawafikie wengine.

Kwa hiyo, ninyi wanafunzi, msingojee kompyuta. Chukueni kisanduku cha kibiriti na karatasi ya mraba-mraba. Kipimeni, kisha mkichore mara tatu: kama kinavyoonekana kwa juu, kwa mbele na kwa ubavu. Mpeni mwenzenu karatasi hiyo bila kumwonyesha kibiriti, naye akiunde kwa katoni kwa kufuata mchoro peke yake. Vikiwekwa pamoja vikalingana, mmechora kweli. Visipolingana, tafuteni pamoja ni kipimo gani hakikuandikwa. Atakayefanya hivyo kwa kibiriti, kisha kwa kiti, kisha kwa nyumba yao, siku atakapoketi mbele ya kompyuta atakuwa na kitu cha kuiambia.

Nanyi wazazi, mtoto akileta nyumbani motokari ya waya, kabla ya kuuliza waya umetoka wapi, mwulizeni kwanza gurudumu lageukaje. Msikilizeni mpaka mwisho. Kisha mwambieni achore mnavyosikia, aandike na vipimo. Udongo uwahi ungali maji, na penseli moja haizidi bei ya mkate.

Kielelezo chetu hakijakwisha. Jukwaa la upande mmoja limesimama. La upande wa pili lingali namba katika jedwali, na kipimo cha kweli cha vidato bado twakitafuta. Msomaji yeyote wa Kamalondo aliye na rula na ruhusa ya kuketi jukwaani, na atupimie kidato kimoja siku ya mchezo ujao. Namba ya kufuta twaijua.